Uzi: Ankara ya mshauri wa kujitegemea Nairobi, kuanzia hadidu za rejea hadi pesa kuingia benki

KalamuYaKilimani
Wadau, uzi huu ni wa wanaouza ujuzi wao wenyewe: wahandisi, wanatakwimu, wakufunzi, waandishi wa ripoti, watu wa mifumo ya kompyuta, kila anayemaliza kazi kwa kuandika ankara badala ya kungoja mshahara mwisho wa mwezi. Malipo yakichelewa, wengi hudhani mteja ni mjanja. Wajanja wapo, tutawafikia. Lakini ankara nyingi hukwama kwa sababu karatasi mbili hazisomani: jina kwenye LPO (hati ya mteja ya kuagiza kazi) ni tofauti na jina kwenye PIN (namba ya mlipa kodi), kiasi cha mkataba hakilingani na cha ankara, au hakuna aliyetia sahihi kwamba kazi imepokelewa. Karani wa malipo hana mamlaka ya kusuluhisha hayo. Anaiweka kando na kushika inayofuata.

Kwa hiyo kazi ya ankara inaanza siku ya kukubaliana bei. Kabla hujagusa kazi, haya yawe yameandikwa mahali, hata kama ni kwenye barua pepe: bei ni kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) au pamoja nayo, bei ni kabla ya kodi ya zuio, ile mteja anayokata kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini (iwe kabla, mtaelezwa sababu), malipo yamegawanywa kwa hatua zipi, nani anaidhinisha kila hatua na ana siku ngapi, na siku 30 za malipo zinahesabiwa tangu lini. Hilo la mwisho ndilo huumiza watu. Ukiandika "siku 30" peke yake, mteja ataanza kuhesabu siku ankara ilipoidhinishwa, na uidhinishaji wenyewe unaweza kula wiki tatu. Andika hivi: "Malipo ni ndani ya siku 30 tangu ankara ipokewe. Ripoti isiyojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi itahesabiwa imekubaliwa." Sentensi hiyo ya pili ni bora kuliko kifungu chochote cha riba.

Hatua za malipo ziwe za kitu kinachoshikika. Kazi ya 600,000 unaweza kuigawa hivi: 30% ripoti ya mwanzo ikikabidhiwa, 40% rasimu ikikabidhiwa, 30% ripoti ya mwisho. Angalia neno "ikikabidhiwa". Ukiandika "ikipitishwa na bodi", umefunga pesa zako kwenye kikao ambacho huenda hukaa mara moja kila miezi mitatu, na wewe huna kiti humo.

Halafu kuna usajili wa mtoa huduma kwenye mfumo wa mteja. Ufanye siku ya kutia sahihi, usingoje siku ya ankara. Huombwa cheti cha PIN, cheti cha kutii kodi (hudumu miezi 12, angalia tarehe), cheti cha usajili wa jina la biashara au kampuni, nakala ya kitambulisho, na barua ya benki au hundi iliyofutwa. Kampuni huombwa CR12 pia, hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Mtego mkubwa: jina la biashara lisilo kampuni hutumia PIN ya mwenyewe, ile inayoanza na A. Kampuni ina yake, inayoanza na P. Ukifungua akaunti ya benki kwa jina la biashara huku PIN ina jina lako la kitambulisho, idara ya fedha itaona watu wawili. Ambatisha cheti cha usajili kinachoonyesha kwamba mmiliki ni wewe, mapema, kabla hawajauliza.

HesabuSafi
Nimpokee hapo kwa kodi ya zuio maana ndiyo huleta ugomvi mwingi.

Mkaazi wa Kenya anayelipwa ada ya ushauri au ya kitaalamu hukatwa 5%, ikiwa malipo ya mwezi ni shilingi 24,000 au zaidi. Inakatwa kwenye ada kabla ya VAT. Asiye mkaazi hukatwa 20%, hiyo ni habari nyingine.

Asiyesajiliwa VAT: ada 120,000, mteja anakata 6,000, unapokea 114,000. Hizo 6,000 ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema kwa jina lako, na utaidai kwenye ritani ya mwaka (taarifa yako ya kodi) kupitia cheti cha zuio.

Aliyesajiliwa VAT: ada 200,000, VAT ya 16% ni 32,000, jumla 232,000. Kodi ya zuio ni 10,000. Iwapo mteja ni wakala aliyeteuliwa na KRA, mamlaka ya mapato, kuzuia VAT, anakata tena 2% ya ile 200,000, yaani 4,000. Benki inaingia 218,000. Kwenye ritani ya VAT unaonyesha 32,000, unaondoa VAT halali ya manunuzi yako, na unaondoa ile 4,000 iliyozuiliwa.

Ankara inaandikwa 232,000. Anayeandika 218,000 kwa kufikiri anamrahisishia mteja anakatwa mara ya pili juu ya kiasi kilichokwisha kukatwa, na hesabu zake hazitawahi kulingana na vyeti vilivyo iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni.

BodaYaData
HesabuSafi, na kama nimekubaliana na mteja kwamba nataka laki moja mkononi? Naongeza 5% basi?

HesabuSafi
Ukiongeza 5% unapata 105,000. Ikikatwa 5,250 unabaki na 99,750. Unagawanya, huongezi: 100,000 kwa 0.95 ni 105,263. Hiyo ikikatwa 5% unabaki na laki yako kamili.

Ila fanya hesabu hiyo kichwani wakati wa kutaja bei, isionekane kwenye ankara. Mstari ulioandikwa "nyongeza ya kodi ya zuio" utarudishwa na mkaguzi yeyote aliye macho, kwa sababu hiyo kodi ni yako, si ya mteja.

Na msidhani 5% ndiyo kodi yote. Viwango vya mtu binafsi huanza 10%, vinapanda 25%, 30%, 32.5% hadi 35%. Chukua ada za mwaka 1,500,000 na gharama halali 300,000. Faida ni 1,200,000. Shilingi 288,000 za kwanza kwa 10% ni 28,800. 100,000 zinazofuata kwa 25% ni 25,000. 812,000 zilizobaki kwa 30% ni 243,600. Jumla 297,400, ondoa nafuu ya mtu binafsi 28,800, unabaki na 268,600. Hata kama kila mteja alikukata, ulishalipa 75,000 tu. Bado 193,600. Kodi ya mwaka ikizidi 40,000 sheria inataka uilipe kwa awamu nne, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Salio ni kufikia 30 Aprili mwaka unaofuata. Wengi hukumbuka 30 Juni, ambayo ni tarehe ya kuwasilisha ritani, na wakati huo riba ya 1% kwa mwezi imeshaanza kutembea.

Kila ankara ikilipwa, tenga robo pembeni kabla hujanunua chochote. Kwa mtu wa kiwango cha mfano huu itatosha.

BodaYaData
Si afadhali mtu alipe TOT, ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo, 3% ya mauzo yaishe? Mauzo ni chini ya milioni 25.

HesabuSafi
La, kaka. TOT haigusi ada za kitaalamu, za usimamizi wala za mafunzo. Kiwango hicho cha 3% kwa mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 ni cha mwenye duka, kinyozi, muuza mbao. Mshauri akijisajili TOT anajikuta ana vyeti vya zuio vya ada ya ushauri kwenye PIN ile ile ambayo ritani zake zinasema ni mfanyabiashara wa mauzo. Mfumo utaona tofauti hiyo kabla yako.

DadaWaRuaka
Naongeza ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu watu bado wanatuma ankara za Word zenye nembo nzuri na kushangaa zikirudishwa.

Tangu 1 Januari 2024 mteja hawezi kudai gharama kwenye kodi yake bila ankara ya kielektroniki ya eTIMS. Kwa hiyo akikubali ile ya Word, hiyo gharama anaibeba mwenyewe kwa 30% ikiwa ni kampuni. Ndiyo maana idara ya fedha hailegezi. Na kutosajiliwa VAT si kinga. Kuna anayesema ada ya ushauri imesamehewa eTIMS kwa kuwa imekatwa kodi ya zuio. Amesoma nusu: msamaha ni kwa malipo ambayo kodi yake ya zuio ni ya mwisho, na ya mshauri mkaazi si ya mwisho, kama alivyoeleza HesabuSafi.

Njia za kutoa. Ambaye hajasajiliwa VAT ana eTIMS Lite, kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) au kwa kupiga *222#. Aliyesajiliwa VAT anayeuza huduma tupu, bila bidhaa, ana tovuti ya eTIMS, ambako unajaza na kutoa ankara palepale. Mwenye programu yake ya uhasibu anaweza kuiunganisha, lakini kwa ankara sita kwa mwezi ni kumchinja kuku kwa shoka.

Kinachoharibika sana ni PIN ya mnunuzi. Bila PIN yake ankara inatoka, tena ina msimbo wa QR, lakini kwake haina faida kwa sababu haimfikii kwenye rekodi zake za KRA. PIN ina herufi na tarakimu 11. Inakili kutoka kwenye cheti chake, usiichape kwa kuangalia picha iliyotumwa WhatsApp. Herufi O na sifuri zimechelewesha malipo mengi mjini hapa. Na mashirika makubwa wakati mwingine yana zaidi ya PIN moja, ya kampuni mama na ya kampuni tanzu. Uliza ankara iende kwa ipi.

Maelezo ya huduma: "ushauri" peke yake haitoshi. Andika kitu ambacho mtu ambaye hakuhudhuria mkutano hata mmoja atakielewa: "Tathmini ya mfumo wa maji, mkataba Na. fulani, hatua ya 2, rasimu iliyokabidhiwa 14 Machi." Kwa kazi ya siku, kizio kiwe siku, idadi iwe siku zilizoidhinishwa, bei iwe ya siku moja. Mtu anayeandika idadi 1 na bei 315,000 wakati jedwali la siku linasema 9 kwa 35,000 anamtafutia karani sababu.

KalamuYaKilimani
Hapo kwenye siku niongeze: fafanueni siku ni saa ngapi, na siku ya safari inalipwaje. Kwenda Lodwar kwa gari asubuhi hadi usiku ni siku. Ikiwa mkataba haujasema, mteja ataihesabu sifuri. Nusu ya bei kwa siku ya safari ni makubaliano ya kawaida na hayana aibu.

Mtumie mteja faili moja tu ya PDF, kwa mpangilio huu: ankara ya eTIMS juu, kisha LPO au ukurasa wa mkataba wenye hatua na kiasi, kisha barua pepe au fomu ya kukubali kazi, kisha jedwali la siku. Jina la faili liwe na namba ya ankara na namba ya LPO. Faili nne zilizotumwa kwa nyakati nne zitakutana tena siku ya kiama.

Ngara254
Swali kwa wataalamu. VAT inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata hata kama mteja hajalipa. Si bora nitume proforma (ankara ya makadirio) kwanza, halafu ankara ya kodi niitoe pesa zikiingia?

HesabuSafi
Swali zuri, na jibu lake lina pande mbili.

Kwa malipo ya awali, proforma ni sawa kabisa. Proforma si ankara ya kodi, haina deni la VAT. Pesa zikiingia, hapo wakati wa kodi umefika: unatoa ankara ya eTIMS ya kiasi kilichoingia na unaionyesha mwezi huo.

Kwa kazi iliyokwisha kufanywa, ujanja huo haushiki. Sheria ya VAT inaangalia lililotangulia kati ya huduma kutolewa, ankara kutolewa na malipo kupokewa. Ukishakabidhi ripoti Februari, kuficha ankara hadi Juni hakusogezi tarehe ya kodi, kunakuongezea adhabu tu: kuchelewa kulipa ni 5% ya kodi na riba 1% kwa mwezi, na kuchelewesha ritani ni 10,000 au 5% ya kodi, kikubwa kati ya hivyo viwili.

Ngara254
Kwa hiyo mwenye VAT anamkopesha mteja na serikali kwa pamoja.

HesabuSafi
Ndiyo hivyo. Dawa ni kugawa kazi kwa hatua fupi ili ankara moja isibebe VAT ya miezi mitano, na kuomba malipo ya awali yanayotosha angalau VAT ya hatua ya kwanza. Anayetoza chini ya milioni 5 kwa miezi 12 halazimiki kusajiliwa. Asijisajili kwa hiari ili aonekane mkubwa, isipokuwa kama wateja wake wote ni kampuni zinazodai VAT na yeye mwenyewe ana manunuzi mengi yenye VAT. Mshauri mwenye laptopu na bando la intaneti hana cha maana cha kudai.

Mashirika yasiyo ya serikali hayawezi kurudishiwa VAT kama kampuni. Bajeti yao ikisema 500,000, wanamaanisha 500,000 yote. Usipouliza mapema, ada yako halisi ni 431,034 na VAT 68,966. Gawanya kwa 1.16 ndipo ukubali.

DadaWaRuaka
Kosa likitokea kwenye ankara ya eTIMS, huwezi kuifuta na kuandika nyingine juu yake. Unatoa krediti noti, hati ya kutengua ankara, inayotaja namba ya ankara ile, kisha unatoa ankara mpya. Fanya hivyo mapema: kwa VAT, krediti noti ina muda wa miezi sita tangu ankara itolewe. Na mtumie mteja zote tatu pamoja, la sivyo atalipa ile ya kwanza iliyo mfumoni mwake na hesabu zenu hazitasomana.

KipepeoWaKaren
Vipi gharama za kurudishiwa, kama hoteli, tiketi ya SGR na mafuta? Zinakatwa 5% pia?

KalamuYaKilimani
Inategemea umeziandikaje, dada. Ukizimwaga kwenye mstari mmoja na ada, mteja atakata 5% ya jumla, na huna pa kumshika. Mstari wa gharama uwe peke yake, wenye risiti zinazolingana nao shilingi kwa shilingi.

Bora zaidi, huduma inunuliwe kwa jina na PIN ya mteja tangu mwanzo. Hoteli itoe ankara yake ya eTIMS kwa PIN ya mteja, wewe unalipa tu kwa niaba na kurudishiwa. Hapo hiyo si mauzo yako. Risiti ikiwa kwa PIN yako halafu unamtoza mteja, KRA inaiona kama sehemu ya unachouza, na aliyesajiliwa VAT ataweka 16% juu yake.

Kwa wasiopenda kukusanya vikaratasi, kubalianeni posho ya siku isiyohitaji risiti. Lakini mkataba uitaje kwa kiasi, si kwa maneno "gharama zitakazojitokeza". Maneno hayo ni mlango wa ugomvi.

Ngara254
Mteja wa nje, tuseme London au Chicago. VAT ipo?

HesabuSafi
Huduma inayotumika nje ya Kenya ni ya kiwango cha sifuri tangu Julai 2023. Neno ni "inayotumika". Shirika la London linalokulipa kwa tathmini inayotumiwa na ofisi yake iliyoko Westlands, hapa Nairobi, ni hoja ngumu, usijipe sifuri kwa sababu tu dola zimetoka nje. Weka mkataba, mawasiliano na hati ya benki; kumbukumbu zote za kodi hukaa miaka mitano.

Bado unatoa ankara ya eTIMS. PIN ya mnunuzi inaachwa tupu.

Mteja wa Marekani atakutumia fomu W-8BEN. Ijaze. Kazi uliyoifanyia Nairobi si mapato yenye chanzo Marekani, kwa hiyo hapaswi kukukata, na fomu hiyo inathibitisha wewe si mtu wao wa kodi. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepusha kodi maradufu, basi sehemu ya mkataba kwenye fomu iache tupu. Na Uingereza mkataba upo.

Kuna makato ya benki pia. Kwenye SWIFT, njia ya benki ya kutuma pesa kimataifa, mtumaji huchagua OUR, SHA au BEN. OUR, gharama zote ni zake. SHA mnagawana, na benki ya katikati inajikatia dola kadhaa njiani. BEN zote ni zako. Andika kwenye ankara: "Gharama za uhamisho ni za mlipaji (OUR)." Usipoandika, ankara ya dola 2,000 itaingia pungufu na itabaki wazi kwenye vitabu vyako milele. Na anayetaka kulipwa dola afungue akaunti ya dola, la sivyo benki itabadilisha kwa kiwango chake siku hiyo bila kukuuliza.

BodaYaData
Kwa malipo ya humu nchini, mnaandika akaunti ya benki au M-Pesa?

DadaWaRuaka
Benki. M-Pesa inaishia 250,000 kwa muamala, na kampuni nyingi haziwezi kulipa mtoa huduma kwa simu. PesaLink (uhamisho wa papo hapo kati ya benki) hupitisha hadi 999,999, juu ya hapo ni RTGS, uhamisho wa benki wa kiasi kikubwa. Hundi pia haivuki milioni. Weka jina la akaunti, benki, tawi, msimbo wa benki na wa tawi. Na mstari mmoja chini: "Hatubadilishi akaunti kwa barua pepe. Ukipata ujumbe wa kubadilisha, piga simu." Kuna wezi wanaoingia kwenye barua pepe za watu na kungoja ankara tu.

KipepeoWaKaren
Sasa wale wajanja mliosema mtawafikia.

WakiliWaMilimani
Nisaidie hapo.

Kwanza tofautisha aliyechelewa na anayekwepa. Siku ya tatu baada ya kutuma ankara, uliza jambo moja tu: "Imeingizwa mfumoni? Malipo ya wiki hii hufungwa siku gani?" Ofisi nyingi hulipa siku maalumu, na aliyekosa dirisha la Jumatano anangoja lingine. Siku ya 25 tuma taarifa ya akaunti. Siku ya 31 mwandikie aliyeidhinisha kazi, si karani, maana yeye ndiye anayehitaji ripoti yako ijayo. Kuanzia hapo kila ukipiga simu, ifuate kwa barua pepe fupi: "Kama tulivyoongea leo, ankara hii italipwa Ijumaa." Hiyo ndiyo itakuwa ushahidi kwamba deni halikupingwa.

Riba ya kuchelewa huipati kwa kuiandika kwenye ankara. Iwe ndani ya mkataba uliotiwa sahihi. Ankara ni tamko la upande mmoja.

Ikifika siku ya 60 bila pingamizi la maandishi, tuma barua ya madai yenye siku 7 au 14. Baada ya hapo, deni la hadi milioni 1 huenda Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, ilianza kusikiliza kesi Milimani 2021, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Deni la 1,400,000 huruhusiwi kulikata vipande viwili ili liingie humo. Ndiyo faida nyingine ya hatua ndogo za malipo, kila hatua ikiwa na ankara yake na siku yake ya kulipwa, mradi usingoje zote zilimbikizane. Beba mkataba au barua pepe za makubaliano, ankara, uthibitisho kwamba ilipokewa, na uthibitisho kwamba kazi ilikabidhiwa. Wengi hubeba vitatu vya kwanza na kusahau cha nne, na cha nne ndicho mdaiwa atakachoshambulia: "kazi haikukamilika." Deni la mkataba hufa baada ya miaka sita, lakini mashahidi huhama kazi mapema zaidi ya hapo.

Kabla ya mahakama kuna jambo linalofanya kazi zaidi: acha kazi. Kifungu kiseme kwamba ankara ikipita siku 15 baada ya tarehe yake ya kulipwa, una haki ya kusimamisha hatua inayofuata, na haki ya kutumia ripoti inahamia kwa mteja baada ya malipo kamili. Tuma rasimu kwa PDF yenye alama ya "rasimu" na ubaki na data na faili zinazoharirika.

KalamuYaKilimani
Hilo la kushika data nalitilia shaka kidogo, wakili. Kwenye kazi za utafiti za wafadhili, hadidu za rejea karibu zote husema data ni ya mteja tangu ilipokusanywa. Ukiishika unakuwa umevunja mkataba wewe kwanza. Soma kifungu cha umiliki kabla ya kujaribu.

WakiliWaMilimani
Sawa. Kifungu cha umiliki kikiwa hivyo, baki na lile la kusimamisha hatua inayofuata.

Ngara254
Na mteja akikata 5% lakini cheti cha zuio hakionekani iTax?

HesabuSafi
Cheti hutolewa na mfumo baada ya mteja kulipa ile pesa KRA. Kukata na kulipa ni vitu viwili. Anatakiwa kulipa ndani ya siku tano za kazi tangu akate. Siku ya kumi angalia barua pepe uliyosajili iTax, halafu vyeti vyako ndani ya iTax. Kama hakipo, mwombe namba ya malipo, PRN, ya siku hiyo. Mwenye PRN iliyolipwa huitoa kwa dakika moja. Asiye nayo hajalipa.

Usingoje Juni. Weka daftari lenye safu sita: namba ya ankara, jumla, tarehe ya kuingia benki, kilichoingia, kilichokatwa, namba ya cheti. Safu ya mwisho ikiwa tupu mwisho wa mwezi, unaandika barua pepe siku hiyo hiyo, huku mhasibu aliyekata bado yupo ofisini na bado anakumbuka. Angalia pia cheti kimeandikwa PIN yako sahihi. Kikienda kwa PIN ya mtu mwingine, marekebisho hufanywa na mteja kule KRA, wewe huwezi kuyafanya.

Ngara254
Na ile VAT ya 2%?

HesabuSafi
Utaratibu ule ule, cheti chake ni tofauti. Hicho kiangalie kabla ya tarehe 20, la sivyo utalipa 32,000 yote na ile 4,000 itabaki kama salio lako KRA.